Nguo ya Idd Inatoka Wapi?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu nimetakiwa niandike juu ya dhulma na uharibifu wa mazingira katika zama zetu. Mada hiyo ni pana kuliko kurasa nilizopewa. Ningeweza kuandika juu ya mahabusu wanaokaa muda mrefu bila kesi zao kusikilizwa, au juu ya vilima vyetu vya Munanila vinavyobaki vipara kwa sababu ya kuni na mkaa. Lakini nimeona niandike juu ya kitu ambacho kila msomaji wa gazeti hili amekivaa wakati huu anaposoma. Nitaandika juu ya nguo, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Katika Ramadhani ya mwaka 2025 (1446 Hijria), baada ya darasa la alasiri, nilisimama mbele ya wanafunzi nikatangaza kwamba siku ya Idd kila mmoja aje na vazi jipya la sare. Wavulana kanzu nyeupe na kofia, wasichana juba la kijani na shungi jeupe. Nilisema "jipya", na neno hilo nililirudia mara mbili. Nilitaka tupendeze. Nimewahi kuona madrasa za mjini zikipita kwa mistari iliyonyooka, watoto wote rangi moja, nami nikaingiwa na wivu. Ustadh naye ni binadamu.

Siku ya Idd mvua ilinyesha tangu alfajiri, mnaijua baridi yetu ya huku juu ilivyo mwezi wa tatu. Watoto walikuja, wakapendeza, tukapiga picha. Nilipohesabu nikakuta tisa hawapo. Nikadhani ni mvua. Mmoja kati ya hao tisa ni msichana ambaye hajakosa darasa tangu aanze alifu, na ndiye niliyemtegemea asome Qur'an mbele ya wageni. Siku ya tatu nikaenda kwao. Mama yake akanikaribisha, akanipa kiti, akakaa kimya. Nikamuuliza, "Mama, mtoto anaumwa?"

Akajibu, "Haumwi, ustadh. Ulisema jipya."

Sikuwa na la kusema. Nilikunywa uji niliopewa, nikaomba radhi, nikaondoka. Baadaye nilipita nyumba nyingine, si za wale tisa, bali za waliokuja wamependeza. Huko nako nikasikia mambo. Baba mmoja alichukua shilingi elfu hamsini kwa mnunuzi wa mazao ili awavishe watoto watatu, akaahidi kulipa debe tatu za maharage ambayo wakati huo yalikuwa yangali yanatoa maua shambani. Yapigieni hesabu wenyewe kwa bei ya maharage baada ya mavuno. Huyo ndiye aliyekuwa amesimama safu ya kwanza siku ya Idd akitabasamu, nami nikamsifu kwa kuwajali watoto wake.

Tuangalie sheria yetu inasemaje. Sunna ya siku ya Idd ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa nguo bora katika zile ulizonazo. Imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alikuwa akivaa nguo zake zilizo bora siku za Idd mbili. Bora, si lazima mpya. Hili tunalifundisha darasani katika fiqhi na wanafunzi wanalijibu vizuri kwenye mtihani. Mimi niliyewasahihishia mitihani hiyo ndiye niliyebadilisha neno moja, na kwa neno hilo watoto tisa wakabaki nyumbani.

Katika Sahih ya Imam Bukhari, mwanzoni kabisa mwa mlango wa Idd mbili, kuna kisa ambacho nimekifikiria sana tangu siku ile. Umar bin Khattab (r.a.) aliona joho la hariri linauzwa sokoni, akamletea Mtume (s.a.w.), akamshauri alinunue ajipambe nalo siku ya Idd na siku za kupokea wajumbe. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu Umar kwa kutaka kujipamba Idd. Alilikataa lile joho kwa sababu ya kitu lilichotengenezwa. Sitaki nisingiziwe fatwa hapa. Katazo lile ni la hariri kwa wanaume, na simharamishii mtu nguo yake. Ninachokiona mimi ni kwamba nguo ilipoletwa kwa Mtume (s.a.w.), uzuri wake haukutosha. Uliangaliwa pia uzi wake. Sisi tunapokwenda gulioni tunauliza bei na saizi, basi.

Tujaribu, japo kwa mara moja, kuuliza uzi umetoka wapi na nani ameushona.

Tuanze na mkono ulioshona. Ukigeuza ukosi wa fulana nyingi zinazouzwa huku utakuta jina la Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, nje kidogo ya mji wa Dhaka, liliporomoka likiwa limejaa washonaji. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake vijana. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya chini yalifungwa, wafanyakazi wao wakaenda makwao. Washonaji wakaamrishwa warudi kazini asubuhi, kwa sababu shehena za nguo za Ulaya na Marekani zilikuwa zinasubiriwa. Mshahara wa chini wa mshonaji wakati ule ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, ambazo hazikufika dola 40 za Marekani. Nguo walizozishona huvaliwa miezi michache huko zilikopelekwa, kisha hufungwa kwenye mabelo na kuletwa kwetu. Inawezekana kabisa kuwa yupo mtu hapa Munanila aliyevaa shati lililoshonwa ndani ya jengo lile. Hawezi kujua.

Sasa uzi. Kila mwanafunzi wetu anayajua majina mawili haya, Bukhari na Tirmidhi. Tunayataja kila tunaposoma hadithi. Ni wangapi wanaojua kuwa hayo ni majina ya miji? Bukhara na Tirmidh ipo katika nchi ambayo leo inaitwa Uzbekistan. Tirmidh iko ukingoni mwa mto ambao vitabu vyetu vya Kiarabu vinauita Jayhun, na ramani za leo zinauita Amu Darya. Mto huo pamoja na mwenzake Sayhun ilikuwa inamwaga maji katika ziwa kubwa liitwalo Aral. Mwaka 1960 ziwa hilo lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani. Uso wake ulikuwa mara mbili ya uso wa Ziwa Tanganyika letu.

Leo sehemu kubwa ya ziwa hilo ni jangwa. Watawala wa Kisovieti waliichepusha mito ile miwili kwenda kumwagilia mashamba ya pamba, na ndani ya umri wa mtu mmoja ziwa likapoteza takriban sehemu tisa kwa kumi. Mji wa Moynaq uliokuwa bandari ya wavuvi umebaki na meli zenye kutu zimelala mchangani, maji hayaonekani hata kwa mbali. Upepo ukivuma hupeperusha chumvi iliyochanganyika na dawa za pamba, na watu wanaivuta vifuani. Hebu wafikirieni wavuvi wa Kigoma na Kagunga waamke siku moja wakute mitumbwi yao imekaa juu ya mchanga, ziwa limeondoka. Imam Tirmidhi alikulia kando ya mto ule, na ndani ya Jamii yake ameweka milango juu ya udhu na maji. Nasi tumefundishwa kutofanya israfu ya maji hata ukiwa unatawadha kando ya mto unaotiririka. Inakadiriwa kuwa pamba ya fulana moja tu hutumia maji lita 2,700 hivi, toka shambani hadi dukani.

Haikuishia kwenye maji. Kwa miaka mingi serikali ya Uzbekistan ilikuwa ikiwatoa watoto madarasani, na walimu na wauguzi makazini, kwenda kuchuma pamba kwa lazima. Makampuni ya nguo zaidi ya 300 yakaweka ahadi ya kutoinunua pamba hiyo. Hatimaye Shirika la Kazi Duniani likathibitisha kwamba katika mavuno ya mwaka 2021 utaratibu ule wa kulazimisha watu ulikuwa umekoma, na mwaka 2022 mgomo wa kununua ukaondolewa. Nimelitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kuuliza hakusaidii. Hapa kulisaidia, na ilichukua miaka.

Jirani na huko, upande wa China, lipo jimbo la Xinjiang wanakoishi Waislamu wa kabila la Uyghur. Karibu moja ya tano ya pamba ya dunia hutoka huko. Kuanzia mwaka 2017 watu wengi sana wa kabila hilo waliwekwa katika makambi yenye kuta na walinzi, na zikatoka habari za watu kupelekwa mashambani na viwandani bila hiari yao. Serikali ya China inakanusha, inasema yale yalikuwa vyuo vya ufundi na kwamba kazi ni ya hiari. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya tarehe 31 Agosti 2022, ilisema yaliyotendeka huko huenda ni jinai dhidi ya ubinadamu. Mimi sina la kuongeza. Nasema tu kwamba pamba ikishasokotwa, uzi wa mtu huru na uzi wa mfungwa huwezi kuutofautisha kwa macho.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu wanafunzi wa darasa la juu wameshanijibu hivyo. "Ustadh, sisi tunavaa mitumba, hayo ni ya matajiri." Kuna ukweli hapo. Mitumba ni nguo iliyokwisha kutumika, na kuitumia tena ni bora kuliko kuitupa. Pia wazazi kadhaa wa madrasa hii wanalipa ada kwa kufungua belo gulioni, na siwezi kuwageuzia uso. Lakini tusijidanganye kwamba mitumba haina gharama. Nchi yetu inalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Wazee wanakumbuka khanga na vitenge vya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vya Mwatex ya Mwanza. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutufungia soko. Sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa Marekani. Kwa hiyo hata nguo kuukuu ina wenyewe, na wenyewe ni wakali.

Halafu tazameni ndani ya belo siku hizi. Zamani ulikuwa ukipata shati la pamba nzito, linavaliwa na kaka, linarithiwa na mdogo, linaishia kuwa tambara la kudeki. Sasa zinakuja nguo nyepesi, zimevaliwa kidogo kwa sababu zilishonwa zivaliwe kidogo. Nyingi ni poliesta. Hata yale majuba ya kijani yanayong'aa niliyowaamrisha wasichana ni poliesta. Uzi huo hutokana na mafuta ghafi, kama ulivyo mfuko wa plastiki, na ndio zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Mwaka 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukashangilia, tukarudi nyumbani tumevaa plastiki. Msimu uliopita nilikuwa nikilima migombani nikaibua kwa jembe kipande cha jezi. Udongo wetu huozesha gogo, lakini jezi ile namba yake mgongoni bado inasomeka.

Hayo ya Dhaka, Bukhara na Xinjiang yako mbali nasi, na mtu wa Munanila hawezi kwenda kumuuliza mwenye kiwanda. Lipo moja lililo karibu, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika makala haya. Fundi cherehani wetu wa hapa kijijini, ukienda kwake Ramadhani utamkuta hadi usiku wa manane, taa inawaka, miguu inakanyaga cherehani, wanagenzi wake wawili wanatia vifungo. Nguo anazoshona ni zetu. Mwezi wa Shawwal nilimuuliza, Idd ilikuwaje? Akacheka, akanionesha daftari. Majina yalijaa kurasa mbili. Wote walichukua nguo usiku wa kuamkia Idd kwa maneno ya "nitakuletea kesho, inshaallah". Jina langu lilikuwemo.

Tunajua kwamba mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake, ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu (s.w.) mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Hadithi hiyo ya Qudsi ipo katika Bukhari, na mimi nimeisomesha zaidi ya mara moja. Tunapoisoma tunawafikiria matajiri wa viwandani, hatulifikirii daftari la fundi. Wale wanagenzi wawili hawalipwi mpaka fundi alipwe, na mmoja wao ni mwanafunzi wa madrasa hii hii. Yeye ni katika wale tisa ambao hawakuja. Alishona kanzu za wenzake, ya kwake hakuwa na pesa ya kitambaa.

Kwa hiyo katika kikao cha kamati nimependekeza mambo, na nayaandika hapa ili wazazi wayajue kabla ya mkutano wao. Neno "jipya" liondolewe katika matangazo yetu yote ya Idd na Maulid. Mtoto aje na nguo safi, iliyo bora katika alizonazo, sare au si sare. Pili, liwekwe sanduku hapa madrasa la kanzu, majuba na kofia zilizowabana watoto, zifuliwe, zirekebishwe, apewe anayezihitaji bila kutajwa jina mbele za watu. Hili la kutotaja jina nalisisitiza sana, kwani sadaka yenye matangazo inaweza kumvua mtoto kuliko kukosa nguo. Tatu, wanafunzi wote, wavulana wakiwemo, wafundishwe kushika sindano, kutia kiraka na kushusha pindo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe, hayo ameyaeleza Bibi Aisha (r.a.), na Umar akiwa khalifa alionekana na viraka. Sioni kijana wetu wa kidato cha pili atapungukiwa na nini. Na mzazi mwenye uwezo wa kununua kipya, anunue kitambaa cha pamba, ampe fundi wetu mapema, na amlipe siku anapochukua.

Si wote waliokubali. Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu, alisema tukiacha sare watoto wetu wataonekana mafukara mbele ya watu wa dini nyingine, na heshima ya Uislamu itashuka. Namwelewa. Waislamu katika vilima hivi si wengi, na tumezoea kutazamwa. Mwingine aliuliza, je, hatutawavunja moyo watoto ambao furaha yao ya mwaka mzima ni ile nguo moja mpya? Swali hili ni gumu zaidi kwangu, kwa sababu nakumbuka harufu ya kanzu yangu mpya nilipokuwa na miaka minane, na sitaki kumnyang'anya mtoto yeyote harufu hiyo. Mzazi aliye nayo, ampe mtoto wake. Ninachotaka kuondoa ni amri yangu, isimlazimishe asiye nayo kuuza maharage yakiwa maua. Mkutano wa wazazi utaamua.

Deni langu kwa fundi nilililipa siku ile ile niliyoliona daftari, na nilimwomba msamaha mbele ya wanagenzi wake. Yule msichana alirudi darasani wiki ya pili ya Shawwal. Idd el Hajj iliyofuata alikuja na juba la dada yake lililopunguzwa mikono, la rangi ya kahawia iliyopauka kidogo. Akasoma Suratul Hujurat mbele ya wageni kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakukosea hata herufi moja.

Wabillahi tawfiq.